Kibanda cha mtandao hapa Busia: kijana safi, AI yake safi, lakini hiyo kauntabuku ya paswedi hapana

Nampa nyota nne kati ya tano. Ingekuwa tano kama si ile kauntabuku, nayo nitaifikia, msiwe na haraka.

Kwanza ni kibanda gani. Ni lile kontena la bluu upande wetu wa Uganda, kando ya stendi ya boda ukielekea mpakani, halina jina wala nini, kuna kibao tu cha kuandikwa kwa mkono FOTOKOPI, PASSPORT PHOTO, TIN, PRN, FOMU ZOTE. Ndani kuna kijana mmoja, laptopu moja, printa moja yenye kelele, na benchi la watu wanaosubiri. Mimi nauza nafaka, mahindi na maharage, navuka kila mara, na karatasi zangu zote za serikali zinapita kwa huyo kijana. Nimeamua kuandika kwa sababu siku hizi ukifungua redio lazima umkute mtu mwenye tai anasema serikali itaingiza akili mnemba, yaani AI, na blokcheni, lile daftari la kidijitali nitakaloeleza huko mbele, kwenye huduma zake, rushwa itaisha, foleni itaisha, hati feki zitaisha, haya, Mungu awasaidie, lakini hakuna anayeuliza hizi huduma za mtandaoni ambazo tayari tunazo zinamfikiaje mama mwenye magunia yake ya maharage. Zinamfikia kupitia kontena la bluu. Ukitaka kujua serikali ya kidijitali inafanya kazi ama haifanyi, usiende kwenye mkutano Kampala, kaa kwenye lile benchi asubuhi moja tu.

Bei zake. Kuprinti karatasi moja ni shilingi 500 za Uganda, fotokopi 200, kutoa PRN, yaani namba ya kulipia vitu vya serikali, 2,000, kujaza fomu ya pasipoti pamoja na kuskani 20,000, TIN, yaani namba ya mlipakodi, 10,000. Hapo kwenye TIN watu hupiga kelele maana TIN yenyewe ni bure, URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, hawatozi hata shilingi, na ni kweli, ukiwa na NIN yako, ile namba ya kitambulisho cha taifa, na smatifoni na bando na Kiingereza cha kutosha unaitoa mwenyewe nyumbani. Sasa hesabu wangapi pale stendi wana hivyo vitu vinne pamoja. Kijana hauzi TIN, anauza Kiingereza na bando, na kwa bei hiyo sioni kama ananyonya mtu.

Na nitoe haki kwa serikali mahali panapostahili. Hii mambo ya PRN mimi naipenda. Zamani kulipia kitu cha serikali ilikuwa ni kumpa mtu noti mkononi na kuomba Mungu akuandikie risiti ya kweli. Leo unatoa namba ya malipo, unaona kabisa ni shilingi ngapi, unalipa benki ama kwa mobile money, kwisha, hakuna karani anayekuambia pasipoti ni laki nne wakati ya kawaida ni 250,000. Hiyo peke yake imeondoa wezi wengi kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia, na haina AI ndani yake wala blokcheni, ni namba tu na benki.

Shida inaanza kwa lugha. Baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima mashuleni na kitumike kama lugha rasmi, tukashangilia sisi watu wa mipakani ambao Kiswahili tunakiongea tangu tunazaliwa, lakini karibu kila fomu ninayoijua mimi bado ni Kiingereza, tena kile kigumu cha wanasheria. Na hapa ndipo kijana alipoanza kutumia AI, hakuna aliyemtuma, hakuna semina aliyohudhuria, alianza tu.

Ngoja nieleze vile inafanyika. Nilipata ujumbe mrefu wa mambo ya kodi kwenye simu, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Nikamwonyesha, akasema "Mama, leta tuone," akaupiga picha, akauweka kwenye apu moja ya AI ya bure, akaandika kwa Kiswahili: mweleze mama mfanyabiashara wa nafaka hii barua inataka nini, kwa maneno rahisi, usiruke kitu. Ikajibu kwa Kiswahili kizuri, kizuri kuliko changu nikisema ukweli. Ikaeleza kwamba biashara ndogo zenye mauzo ya kati ya milioni 10 na milioni 150 kwa mwaka zina hesabu yao rahisi ya kodi, inafuata mauzo, na kwamba anayeweka rekodi anahesabiwa tofauti na yule asiyeweka. Miaka yote hii nafanya biashara na hakuna mtu aliyewahi kunikalisha akanieleza hilo. Dakika kama mbili hivi, kwenye benchi, huku mtu wa boda anapiga honi nje. Hapo nilisema hii kitu ina maana.

Halafu ikaharibu. Nikauliza swali la pili, nikitaka jina langu lirekebishwe kwenye namba ya mlipakodi niende wapi, ikanijibu bila wasiwasi wowote: nenda ofisi ya TRA iliyo karibu nawe ukiwa na kitambulisho cha NIDA. Kijana akacheka mpaka akashika meza. "Mama, inadhani uko Dar." Kumbe ndiyo tabia yake, ukiiuliza kwa Kiswahili inakuweka Tanzania, ukiikataza inakuhamishia Kenya, na sisi wa Busia tuna balaa zaidi maana ukiandika Busia tu inakuvusha mpaka inakupeleka Busia ya upande wa pili, inakuambia uende Huduma Centre. Kwa hiyo kila swali anaanza na sentensi ileile ameihifadhi kwenye simu: Niko Uganda, si Kenya, si Tanzania, ofisi zote ziwe za Uganda. Na bado jibu analisoma mwenyewe kabla hajakupa. Mara nyingine anatingisha kichwa, anafuta, anauliza upya kwa Kiingereza, halafu anakutafsiria kwa mdomo.

Sababu si ngumu kuiona. Hizi mashine zinajifunza kutokana na maandishi, na maandishi ya Kiswahili kuhusu mambo ya serikali mengi yameandikwa Tanzania na Kenya, sisi Uganda Kiswahili tunakiongea lakini serikali yetu bado haijakiandika sana. Huwezi kulaumu mashine kwa kutosoma kitu ambacho hakipo. Wizara ikitaka chatboti itakayomsaidia mtu wa Busia ama Arua ama Mpondwe kwa Kiswahili, kazi ya kwanza si kununua chatboti, ni kukaa chini na kuandika maelezo ya huduma zake kwa Kiswahili, moja baada ya nyingine, ada ni ngapi, karatasi gani, ofisi gani. Kazi ya kuchosha, haina kamera za televisheni.

Na wataalam tunao humu humu ndani, tusijifanye hatuna. Makerere kuna maabara ya AI ambayo miaka mingi sasa imekuwa ikifundisha simu kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha ya jani. AirQo nao ni wa Makerere, wamefunga vipima hewa mjini mpaka kwenye bodaboda. Sunbird AI wa Kampala walianza kwa kukusanya Kiganda, Acholi, Ateso, Lugbara na Kinyankole, na 2025 wakatoa modeli yao inaitwa Sunflower inayoshika lugha zaidi ya 30 za Uganda. Zaidi ya 30! Hapo ndipo ningependa kodi yangu iende. Mama wa kijijini aongee na simu kwa lugha yake aulize pasipoti inataka nini, ajibiwe habari za Uganda. Sihitaji roboti, nahitaji hiyo.

Kitu ambacho sihitaji ni mashine ya kutoa adhabu isiyo na mtu wa kuongea naye. Mnakumbuka Juni 2025, ile EPS Auto. Kamera inasoma namba ya gari, inapima spidi, sistimu inatoa faini yenyewe, ukizidisha kidogo 200,000, ukizidisha zaidi 600,000, na maeneo mengine spidi ilikuwa kilomita 30 kwa saa, yaani mwendo wa baiskeli iliyoshuka mlima. Madereva wa taksi walikuwa wanafungua simu wanakuta deni la mshahara. Kelele zikawa nyingi mpaka ikasimamishwa baada ya siku chache tu. Mimi si mtetezi wa madereva, nimepanda nao, najua wanavyokimbiza, na ajali zinaua watu wengi mno nchi hii. Lakini angalia vile ilijengwa: kukutoza ni sekunde, kukusikiliza ni siku ambazo huna. Teknolojia yote iliwekwa upande wa kuchukua. Kijana wa kontena akikosea fomu yangu narudi nasimama mbele yake mpaka arekebishe, na anarekebisha, kwa sababu kesho nitapita tena hapo na benchi lote linasikia.

Kuna bibi mmoja nilimkuta pale, ametoka kijijini na mjukuu. Rekodi yake kwenye ofisi moja ya serikali ina mwaka wa kuzaliwa usio wake, karani wa miaka hiyo aliandika tu alichoandika, na ukifuata hiyo rekodi basi bibi alimzaa mtoto wake wa kwanza akiwa na miaka sita. Kila fomu ya mtandaoni inamkataa kwa sababu tarehe hazilingani. Bibi anasema nilizaliwa kabla ya Wazungu kuondoka, nilikuwa msichana mkubwa siku ya bendera, yaani 1962, kila mtu kwenye benchi anamwamini, ukimtazama tu unajua, ila sistimu haimtazami. Kijana akafunga laptopu. Akachukua karatasi, akaandika maelezo yake vizuri kwa Kiingereza, akamwelekeza kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji, apige muhuri, halafu wapi pa kwenda kuapa afidaviti, na akamwambia mjukuu njiani asikubali kutoa hela ya mtu yeyote asiyetoa risiti. Akamtoza elfu moja. Mimi ningemtoza zaidi.

Sasa tuje kwenye blokcheni, maana hiyo ndiyo inayosifiwa kuliko zote na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Si kitu kigeni hapa. Mei 2018 kulikuwa na mkutano mkubwa wa blokcheni Kampala, rais mwenyewe alihudhuria, mwaka huohuo Binance wakafungua soko lao la sarafu za kidijitali Uganda kwa shilingi, 2020 wakalifunga. 2022 Benki Kuu ikaziandikia kampuni za malipo ikazikataza kubadilisha hizo sarafu kuwa mobile money ama kinyume chake. Kwa hiyo upande wa hela mlango ulifungwa, na sasa wanaosifia wamehamia upande wa kumbukumbu za serikali: ardhi, dawa, vyeti, mazao.

Wazo lenyewe si baya, niwe mkweli. Ni daftari ambalo nakala yake iko kwa wengi kwa wakati mmoja, kila ukurasa umefungwa kwa hesabu na ukurasa uliopita, mtu akibadilisha mstari wa mwaka jana usiku usiku hesabu zinakataa na wenzake wote wanaona. Kwa nchi ambayo faili linaweza kuingia ofisini nene likatoka jembamba, hiyo ni kitu cha maana. EFRIS ya URA, ile ya risiti za kielektroniki iliyoanza 2021, haiko hivyo, kumbukumbu zote ziko kwa URA peke yake, muuzaji ana risiti yenye QR na URA ana ukweli. Wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka Aprili 2024 kwa sababu ya EFRIS, nyuma ya kelele za faini na kodi kulikuwa pia na hilo, kwamba mwenye kitabu ni yule yule anayekudai. Blokcheni ingeweza kupunguza hiyo, kitabu kikae kwa zaidi ya mmoja. Hapo nawaunga mkono.

Lakini mimi ni mtu wa mahindi, wacha niwapeleke kwa mahindi. Machi 2021 Kenya ilifunga mlango kwa mahindi yetu na ya Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, aflatoxini. Tulilala na malori mpakani. Walipofungua wakaleta masharti, waagizaji wajisajili, mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na cheti cha mahali ulipotoka. Sasa wauzaji wa blokcheni wanakuja wanasema hii ndiyo kazi yetu, kila gunia litakuwa na historia yake kuanzia shambani mpaka Nairobi, hakuna wa kuibadilisha. Nikamuuliza mmoja, umewahi kuona mahindi yanavyonunuliwa? Hakuwahi. Asubuhi nanunua debe tatu kwa huyu, gunia moja kwa yule, mwingine kaleta kwa baiskeli yamenyeshewa njiani, yote yanamwagwa kwenye turubai moja, yanaanikwa pamoja, yanapigwa koleo, yanafungwa kwenye magunia mapya. Gunia linaloingia kwenye lori ni la watu tisa, na sumukuvu haikai gunia zima, inaweza kuwa kwenye kona moja tu, yale ya baiskeli iliyonyeshewa. Ukichota sampuli kona nyingine, mashine inasema safi, cheti kinasema safi, blokcheni inafunga kwamba safi, milele na milele, na nakala kwa kila mtu. Daftari halitakuwa limedanganya hata neno moja. Kinachozuia sumukuvu ni kukausha haraka, turubai la kuanikia badala ya udongo mtupu, na kipima unyevu, na vipima unyevu sokoni kwetu ni vya kuhesabu. Tuleteeni hivyo kwanza, halafu hiyo historia ya gunia tutaiandika kwa raha zetu.

Ardhi ni hivyo hivyo nami sitakaa sana hapo. Kule Buganda kwenye mailo, ile ardhi ya watu binafsi yenye hati, kuna vyapa, yaani hati za ardhi, viwili kwa kiwanja kimoja, tume ya ardhi ya Jaji Bamugemereire iliyoanza 2017 ilikaa miaka ikisikiliza hizo habari, na huko daftari lisilofutika lingesaidia. Lakini huku kwetu ardhi nyingi ni ya ukoo, haijawahi kuandikwa mahali popote, mpaka ni mti na mzee anayeukumbuka. Sheria ya Ardhi ya 1998 ilileta cheti cha umiliki wa kimila, wengi bado hawana. Watu hupenda kutaja Georgia, ile nchi iliyopakana na Urusi, walianza kuweka kumbukumbu za ardhi kwenye blokcheni 2016, ni kweli, ila hawasemi kwamba Georgia walikuwa wameshasafisha ofisi yao ya ardhi miaka mingi kabla. Walifunga daftari safi.

Haya, kauntabuku.

Iko chini ya kibodi, ile ndefu ya kurasa nyingi, jalada limefunikwa kwa plastiki. Ndani ameandika kwa kalamu, kwa mistari iliyonyooka kabisa, jina la mteja, NIN, TIN, namba ya simu, imeili aliyomfungulia, na paswedi. Paswedi! Za watu wote wa stendi, za mama wauza samaki, za mwenye duka la vipuri, za padri nadhani. Paswedi nyingi zinafanana kwa sababu yeye ndiye anayezitunga, ni jina lako na mwaka na alama ya mshangao. Nikamwambia hii ni hatari, akasema "Mama, nisipoandika mwakani wote mtakuja mnalia mmesahau," na ukweli ni kwamba tungekuja tunalia. Kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, kuna ofisi yake kabisa ya kusajili wanaokusanya taarifa za watu, na kuna kauntabuku chini ya kibodi, na mlango wa kontena unafungwa kwa kufuli ya elfu kumi na tano.

Sasa fikiria hii. Paswedi ya kawaida ikiibiwa ama ikipotea unaomba nyingine, OTP, ile namba ya siri ya kutumia mara moja, inakuja kwenye simu, yamekwisha. Kwenye blokcheni mtu ana ufunguo wake, mfululizo mrefu wa herufi na namba, na kwenye zile za wazi ukiupoteza hakuna ofisi ya kukupa mwingine, na akiupata mtu mwingine basi yeye ndiye wewe, akihamisha chochote kwa jina lako daftari linakubali kwa sababu ufunguo ni sahihi, na haliwezi kurudishwa nyuma, maana hiyo ya kutorudishwa ndiyo sifa iliyouzwa tangu mwanzo. Kila nikisikia mpango wa kuweka vyapa vyetu kwenye blokcheni nawaza huo ufunguo mama yangu atauweka wapi. Nawajibu: atauweka kwa kijana. Ardhi ya nusu ya Busia itakuwa chini ya kibodi, kwa mwandiko mzuri. Na kama serikali itasema basi funguo zote tutawashikia sisi, hapo tumerudi kwenye kitabu kimoja chenye mwenyewe mmoja, tumenunua jina jipya tu kwa bei ya juu.

Mimi ningekuwa na sauti kule juu ningesema hivi vibanda vitambuliwe. Viko kila mji, vinafanya kazi ya serikali bila mshahara. Kijana apewe akaunti yake mwenyewe ya wakala, aingie kwa jina lake, ijulikane ni yeye aliyejaza fomu ya nani na saa ngapi, mteja athibitishe kwa simu yake, paswedi ya mteja asiione kabisa. Kama mawakala wa mobile money tu, mbona wale wanafanya na hela zetu zinafika. Halafu apewe hiyo modeli ya lugha zetu iliyolishwa habari za ofisi zetu. Hicho kitu hakina jina la kutisha la kuweka kwenye bango la mkutano, lakini kauntabuku ingeungua siku hiyohiyo.

Kasoro nyingine ndogo ndogo. "Sistimu iko chini" utaisikia sana, na mara nyingi si kosa lake, ni seva huko Kampala, ila angeweza kuwaambia watu mapema badala ya kuwakalisha. Januari 2021 mtandao ulipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi alifunga kontena akaenda kuuza matikiti, kwa hiyo anayetaka kila kitu kihamie mtandaoni ajue pia hiyo ipo, mzigo mpakani hausubiri intaneti irudi. Ana betri ya sola inayoshika laptopu na simu umeme ukikatika lakini printa haishiki, kwa hiyo utajaziwa fomu na utarudi kesho kuichukua. Picha za pasipoti anazipiga kwa simu kwenye shuka jeupe, zinatoka vizuri kama umekwenda mapema kabla jua halijageuka upande wa mlango.

Ukienda, beba simu yako mwenyewe na laini iliyosajiliwa kwa jina lako, si ya mume wala ya mtoto, maana OTP inakuja huko na kijana hawezi kukusaidia. Beba kitambulisho chenyewe, si picha yake. Soma jina lako herufi kwa herufi kwenye skrini kabla hajabonyeza tuma, hata kama benchi linakunung'unikia. Ukimaliza mwambie mbele ya macho yako paswedi yako asiiandike, iandike wewe pahali pako, hatakasirika. Njaa ikikushika kuna dada anapiga rolex, chapati ya kuviringisha na mayai, mlango wa pili, mayai mawili na nyanya nyingi, tamu sana, lakini maliza kula na ufute mikono kabla hujashika karatasi zako, fomu yenye mafuta ile skana yake inaikataa na utalipa kuprinti upya.